Siku Moja katika Milima ya Bururi



Tarehe 18 Agosti 2024 baadhi yenu mlikuwa Uvira, Kanisa lilipowatangaza kuwa wenye heri wale wanne waliouawa kwetu tarehe 28 Novemba 1964: Bruda Vittorio Faccin na Padre Luigi Carrara katika Baraka, Padre Giovanni Didonè na Padre Albert Joubert katika Fizi. Majuma yaliyofuata, katika mafundisho ya Jumamosi, mliniuliza mara nyingi shahidi wa imani ni nani hasa, nami nikawajibu kama kitabu kinavyojibu. Jibu lile lilikuwa sahihi. Lakini kila nilipolitoa nilikumbuka siku moja ya Agosti 2022 niliyoipitisha na jamaa yangu katika milima ya Burundi, nikajua kwamba nawanyima nusu ya habari. Nusu hiyo ndiyo ninayoiandika hapa.

Tulikuwa tumekwenda Bujumbura kwa ajili ya ubatizo. Binti yetu wa kwanza ameolewa huko na kijana Mrundi, mzaliwa wa Matana, na Mungu alikuwa amewajalia mtoto. Safari ya kutoka Lulimba mnaijua wenyewe: pikipiki hadi Fizi, kisha kuteremka Baraka na vumbi la kiangazi hadi kwenye kope, usiku mmoja kwa ndugu, gari la abiria hadi Uvira, ziwa likiwa mkono wa kuume, halafu mpaka wa Kavimvira, hati za kuvukia, maswali, muhuri, na Gatumba upande wa pili. Tulikwenda watatu: mimi, mama watoto, na kitinda mimba wetu, mvulana aliyekuwa na miaka 16, mwaka wa nne wa sekondari.

Juu ya mvulana huyo yanipasa kusema neno, naye nimemwomba ruhusa ya kulisema. Mwaka ule alikuwa amebadilika. Rafiki zake wawili walikwisha kupanda msituni kujiunga na wale wanaobeba silaha kwa jina la kulilinda kabila lao, na simu yake ilikuwa imejaa picha na maneno ambayo sitayarudia katika ukurasa huu. Mezani alizoea kusema “wale”, bila kutaja jina, na sote tulijua “wale” ni nani. Nilimkemea. Nilimsomesha. Nilimwombea novena nzima. Alinisikiliza kwa heshima ile anayopewa mzee ambaye hajui analolisema. Mama watoto hakumkemea hata mara moja. Alikuwa anahesabu tu nguo zake kila asubuhi, aone kama amefunga mzigo.

Basi, ubatizo ukapita, na mkwe wetu akasema haifai tufike Burundi turudi bila kuona chanzo cha Nili. Alikuwa amelala foleni siku mbili akitafuta petroli, kwa maana mwaka ule mafuta yalikuwa adimu Bujumbura kuliko asali. Alipanga tuondoke alfajiri, tufuate ziwa hadi Rumonge, tupande Bururi, tuione Rutovu, kisha turudi kwa njia ya Ijenda kabla ya usiku kuingia sana. Mama watoto akamwuliza, “Na Buta?” Kina mama wa shirika letu walikuwa wamemsimulia Buta. Mimi nikasema haraka kwamba muda hautatosha, nikataja kilomita, nikataja mtoto mchanga. Mkwe akanijibu kwa adabu, “Baba, Buta ipo njiani.” Nilijua ipo njiani. Nilikuwa nimeitazama katika ramani usiku uliotangulia.

Kituo cha kwanza kilikuwa Mugere, mwendo mfupi kusini mwa Bujumbura, penye jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wapo wanaosema kwamba hapo ndipo wazungu hao wawili walipokutana. Sivyo, walikuwa wamekwisha kukutana Ujiji, na hapo walipita pamoja walipokuwa wakiichunguza pembe ya kaskazini ya ziwa. Nililieleza hilo kwa urefu, kama mwalimu anavyoweza kueleza jambo ambalo hakuna aliyemwuliza. Mvulana alipiga picha ya jiwe, kisha picha yake mwenyewe mbele ya jiwe, tukaendelea.

Kutoka Rumonge barabara huacha michikichi na kuanza kupanda. Hapo mwili unajua kwamba umetoka ziwani: masikio yanaziba, hewa inapoa, mama watoto anaomba kitenge cha pili. Tulipofika juu, mkwe akasimamisha gari kando ili injini ipumzike. Tukageuka. Ziwa lilikuwa chini yetu kama bamba la bati, na ng’ambo yake, katikati ya moshi wa majani yanayochomwa kiangazi, tukaiona rasi ya Ubwari imelala kama mgongo wa mamba. Nyuma yake ndiyo Baraka, na nyuma ya Baraka ndiyo milima yetu. Sikuwahi kuitazama nchi yangu kutoka upande ule isipokuwa mara moja, na siku ile sikutazama vizuri, kwa kuwa nilikuwa ndani ya mtumbwi uliojaa watu, tukielekea Kigoma, mwezi wa Novemba 1996.

“Kumbe si mbali,” mvulana akasema.

Huko si mbali kweli. Mvuvi wa Rumonge na mvuvi wa Baraka hutupa nyavu katika maji yale yale, nao wakati mwingine huonana taa zao usiku.

Seminari ndogo ya Buta ipo katika milima hiyo ya Bururi, mahali pa miti na ukimya na upepo wa baridi. Habari ya pale nitaisema kwa kifupi. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na Burundi ikaangukia katika vita ambamo Wahutu na Watutsi waliuana vilima kwa vilima. Katika seminari ile vijana wa pande zote mbili waliendelea kulala bweni moja na kula sahani moja. Jambo hilo halikujitokea lenyewe. Mkuu wa seminari, Padre Zacharie Bukuru, ambaye baadaye aliandika kitabu juu yao, aliwaacha waseme: waliketi pamoja wakajadiliana waziwazi juu ya nchi yao na juu ya hofu waliyokuwa nayo wao kwa wao, walicheza pamoja, waliimba pamoja, walisali pamoja. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 waasi wengi wenye silaha waliivamia seminari. Waliingia katika bweni la wakubwa, wakawaamuru wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana wakakataa. Ndipo risasi na mabomu ya mkono vikafuata. Waliokufa ni 40. Walikuwa Wahutu na Watutsi, wengi wao wa umri wenu. Mkuu wao amesimulia kwamba mmoja wa waliojeruhiwa alimfikia akimwambia kuwa wameshinda, kwa maana waliambiwa watengane nao hawakutengana.

Kanisa bado halijawatangaza kuwa wafiadini. Maaskofu wa Burundi walifungua kesi yao mwezi wa Juni 2019, pamoja na ya mashahidi wengine, na katekista hapaswi kulitangulia Kanisa. Lakini watu wa pale hawangoji. Wanawaita mashahidi wa udugu, nao huja kusali makaburini.

Makaburi hayo 40 yamepangwa safu kwa safu karibu na kanisa. Mzee mmoja aliyekuwa akifagia alituacha tuzunguke, kisha akaja kusimama nasi, akasema maneno machache kwa Kirundi, ambayo mkwe alitufasiria: kwamba huwezi kujua kwa kulitazama kaburi nani alikuwa nani. Aliendelea kufagia.

Miaka mingi niliwafundisha watoto habari za mashahidi. Wale 22 wa Uganda, nawajua kwa majina. Anuarite, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, nimesimulia habari zake hata nikiwa na homa. Wote niliwapenda, lakini walikuwa picha za ukutani. Walikufa kabla sijazaliwa, na mtu hawezi kujilinganisha na picha. Hawa wa Buta nilikuwa hai walipokufa. Nilikuwa na miaka 27, na diploma ya Serikali ya ualimu, na nilikuwa nimekwisha kufundisha miaka minne. Nilipowakaribia, nilihesabu miaka bila kutaka: kutoka Oktoba 1996 hadi Aprili 1997 ni miezi sita.

Mvulana alikuwa amesimama kwenye safu ya pili, mikono mfukoni. Hakupiga picha. Nilipopita nyuma yake akauliza bila kugeuka, kwa sauti ya kawaida kabisa:

“Baba, wangekuuliza wewe?”

Nikamjibu, “Ningekataa, mwanangu. Kama hao.”

Ndivyo nilivyosema, vijana wapendwa, nikiwa nimesimama baina ya makaburi 40, na rozari mkononi. Naye akaitika, “Ndiyo, Baba,” kama anavyoitika siku zote.

Matana tulikula kwa mama mzazi wa mkwe. Maharage, viazi vitamu, na maziwa yaliyoletwa kwa mikono miwili. Yule mama hakujua Kiswahili nami sijui Kirundi, hata hivyo mimi na yeye tulishindana kwa ukarimu kwa muda wa saa nzima. Sikumbuki ladha ya chakula chochote. Mama watoto aliniuliza kwa jicho kama naumwa, nami nikamjibu kwa jicho kwamba ni baridi.

Kutoka Matana hadi Rutovu mkwe alitueleza ile milima, na hapo mwalimu ndani yangu aliamka kidogo, kwa kuwa jambo lenyewe ni la ajabu. Mvua inayonyesha upande wa machweo wa mgongo ule hushuka Tanganyika; kutoka Tanganyika maji hutoka kwa mto Lukuga, penye Kalemie, yakaingia Lualaba, na mwisho wake ni bahari ya Atlantiki. Mvua ya kwetu Lulimba nayo huenda huko huko kwa njia ya Luama. Lakini tone likianguka hatua chache upande wa mawio, linakwenda Ruvyironza, kisha Ruvubu, kisha Akagera, kisha ziwa Nyanza, kisha Nili yenyewe, mpaka Misri. Matone mawili ya wingu moja yanaishia katika bahari mbili. Mimi mvulana akinisikiliza nilikuwa nafurahi, na siku ile alisikiliza, hata akauliza kama mtu anaweza kusimama mguu huku na mguu huku. Mkwe akasema anaweza, tatizo ni kujua wapi.

Rutovu kwenyewe si mahali pa kumshangaza mtu aliyetazamia makubwa. Juu ya kilima, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ipo piramidi ndogo ya mawe iliyojengwa mwaka 1938 na Mjerumani Burkhart Waldecker, aliyekuwa ametafuta kijito cha mbali kabisa kusini kati ya vyote vinavyoulisha mto ule. Chini yake, bondeni, kinatoka kijito hicho, Kasumo. John Speke alipofika Jinja mwaka 1862 alidhani amekwisha kulimaliza swali. Waldecker akalisogeza hadi hapo. Na ndugu zetu wa Rwanda wanayo chemchemi yao katika msitu wa Nyungwe, ambayo nao wanasema ndiyo yenyewe. Ugomvi huo hauhitaji hukumu yangu. Nililoliona ni maji membamba, yaliyo safi, yanayotoka ardhini bila kelele, na mbele yake safari ya zaidi ya kilomita 6,600. Piramidi ilipendeza, kwa sababu Waldecker alikuwa amewajengea Wamisri jiwe lao mwanzoni mwa mto wao.

Binti alikaa na mama yake juu, mtoto akinyonya. Mkwe alikuwa anazungumza na mlinzi. Tukashuka bondeni wawili, mimi na mvulana. Alitoa chupa ya plastiki mfukoni akainama kuijaza. Aliijaza kwa muda mrefu, kwa kuwa maji ni machache, na katika muda huo ndipo nilipomwambia.

Nilimwambia kwamba yale niliyomjibu Buta yalikuwa uongo. Nilikwisha kuulizwa.

Ilikuwa Oktoba 1996. Nilikuwa nafundisha darasa la nne katika shule moja ya msingi kando ya ziwa, upande wetu. Asubuhi moja wakaja watu wenye silaha, si wengi, watano au sita, nao wakanitaka niwatenge watoto wa kabila moja na wengine. Sitalitaja kabila hilo. Anayeishi Fizi atalijaza mwenyewe, na ningependa ajiulize kwa nini amelijaza vile alivyolijaza. Hakuna aliyenielekezea bunduki. Na hili nilimwambia mvulana mara mbili, kwa sababu ndilo nililolificha kwa miaka yote. Mkubwa wao alisema tu, “Mwalimu, wewe unawajua.” Kweli niliwajua. Mwalimu anajua kila mtoto amelala wapi na amekula nini. Nikachukua daftari la mahudhurio. Nikawapanga uwanjani mistari miwili, kama nilivyowapanga kila asubuhi kwa wimbo wa Taifa, na nikaita majina manne kwa sauti ile ile ninayoitia majina siku zote, ili wasiogope. Ndivyo nilivyojiambia: ili wasiogope.

Msichana mmoja kati ya hao wanne alikuwa zamu ya kufuta ubao. Alipoitwa alikuwa bado ameshika kifutio. Akanijia kwanza, akanirudishia, ndipo akaenda kusimama katika mstari wake.

Hawakuuawa mbele yangu. Jioni ile waliondolewa kijijini pamoja na wazazi wao, na tangu hapo sikupata habari zao. Majuma machache baadaye vita vilitufikia sisi nasi, nikavuka ziwa. Nilikaa kambi ya Nyarugusu zaidi ya miaka kumi. Huko ndiko nilikofanywa katekista, nikamwoa mama yenu, nikawazaa ninyi. Na huko, katika Kwaresima ya mwaka wa kwanza, niliungama jambo hili kwa padre, akanipa ondoleo, nami naliamini ondoleo lile kama ninavyoamini kwamba jua litachomoza. Lakini padre hakuwa mtoto wangu. Yeye hakunila mkate akinitazama usoni kila siku akidhani anajua yupo mezani na nani.

Chupa ilikuwa imejaa na maji yalikuwa yanamwagika juu ya mkono wake. Hakuyaona.

Nilingoja aseme neno. Kwa kawaida mimi ndiye ninayejaza ukimya wa watu wengine. Ni ugonjwa wa kazi yetu. Safari hii nilinyamaza. Nilikuwa nimekwisha kupoteza mbele yake yule baba aliyezoea kumkemea, na nilijua kwamba sasa anaweza kuniambia lolote: kwamba wote tulikuwa vile, kwamba hao wanne huenda leo ndio wanaotupiga risasi kutoka milimani, kwamba nilifanya vizuri. Jambo hili la mwisho ndilo nililoliogopa zaidi, kuliko angenitemea mate.

Akafunga kifuniko. Akasema, “Walikuwa wadogo kuliko mimi?”

“Miaka kumi. Kumi na mmoja.”

Akapanda kilima mbele yangu, hakunisubiri, ingawa njia ni kali na magoti yangu anayajua. Kufika juu alimchukua mtoto kutoka kwa dada yake, akambeba hadi garini.

Tulirudi kwa barabara ya Ijenda, baina ya mashamba ya chai, jua likiwa limekwisha kushuka upande wa kwetu. Baridi ya Mugamba inaingia hata katika gari lililofungwa vioo. Mama watoto aliimba kidogo, mtoto akalala. Nilimwambia mama watoto usiku ule ule, tulipokwisha kuzima taa. Yeye naye alikuwa hajui. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama yule msichana nilimpokea kile kifutio au nilikiacha kianguke. Nikasema nilikipokea. Akasema, “Asante kwa kuniambia,” na mpaka leo sijui alikuwa amesema nini hasa.

Mpakani Gatumba ofisa mmoja aliikuta chupa katika mkoba wa mvulana akauliza ni dawa gani. “Ni maji ya Nili,” akajibu. Ofisa akacheka, akamwita mwenzake naye acheke, akatupitisha.

Nimesema nitawapa ile nusu ya habari, na sitaki kuwadanganya kwamba mambo yalinyooka. Mvulana hakuacha kusema “wale” kesho yake. Miezi ile mmoja wa rafiki zake alirudi kutoka msituni, mwingine hakurudi, na kijana wangu alilia kwa ajili ya huyo wa pili kama ndugu, na katika kilio hicho alisema maneno ambayo baba hapendi kuyasikia. Mama watoto aliendelea kuhesabu nguo. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebadilika: nilipotaka kumkemea sikuweza tena kusimama mahali nilipozoea kusimama. Ilibidi niketi. Tulizungumza tukiwa tumeketi, wakati mwingine hadi mafuta ya taa yanaisha, na kuna usiku alioniuliza maswali makali kuliko ya hakimu yeyote. Kwa nini sikusema siwajui. Kwa nini sikuwafukuza watoto wote wakimbie. Kama ningefanya vile iwapo mmoja wa wale wanne angekuwa yeye. Nilijibu yale niliyoweza. Nilipowasoma tena wale vijana wa Buta, niliona kwamba Padre Bukuru alikuwa ametangulia kufanya jambo hilo: aliwaketisha waulizane kabla hajaja mtu wa kuwauliza kwa bunduki. Sisi tulikuwa tunafanya baada ya miaka 26, wawili tu, chini ya paa la bati huko Lulimba.

Usiku mmoja wa Novemba, mvua ikiwa imetufungia ndani, alikuwa anafanya kazi ya shule juu ya mito ya Afrika, na ile chupa ipo juu ya rafu, nusu yake imekwisha kukauka. Bila kuinua kichwa akaniuliza:

“Majina yao unayakumbuka?”

Nikamtajia yote manne, jina na jina la baba, kwa mpangilio wa daftari la mahudhurio. Aliyaandika ukurasa wa nyuma wa daftari lake la jiografia, akaniuliza la tatu linaandikwaje, nikamwandikia mimi.